Kioo chenye nukta tele, picha yenye nukta haba

WANUNUZI wengi wa runinga huuliza kwanza kioo kina nukta ngapi, wakasahau swali la pili lenye uzito uo huo: je, picha itakayoingia humo inakuja na nukta ngapi?

Swali hilo ndilo linaloeleza kwa nini runinga ya bei ghali yaweza kuonyesha taarifa ya habari kwa ukungu, ilhali dukani picha yake ilimeta kama lulu. Dukani aghalabu huchezwa video iliyopigwa kwa kiwango cha kioo chenyewe. Nyumbani ni mambo mengine.

Kioo cha kisasa, kiwe cha runinga au cha tarakilishi, ni safu za nukta ndogo za rangi ziitwazo pikseli. Idadi yake huwekwa kiwandani na haibadiliki kamwe. Kioo cha 4K kina nukta 3,840 kwa upana na 2,160 kwa kimo, jumla 8,294,400, na kila mojawapo lazima iambiwe itoe rangi gani. Picha ikija na nukta pungufu, zilizobaki hukadiriwa na kichakataji kilichomo ndani ya runinga.

Viwambo vya zamani vya tarakilishi, vile vyenye kisogo kirefu, havikubanwa hivyo. Mwali wa elektroni ulichora mistari kwenye kioo, na mistari hiyo iliweza kuongezwa au kupunguzwa kulingana na picha iliyoletwa.

Kuna njia mbili kuu za kujaza pengo hilo. Ya kwanza ni kurudia: nukta moja ya asili hugeuzwa kuwa mraba wa nukta kadhaa zenye rangi ile ile. Kingo hubaki kali, jambo linalofaa kwa maandishi na michezo ya zamani ya tarakilishi. Ya pili ni kuchanganya: kila nukta mpya hupewa rangi iliyo kati ya rangi za majirani zake. Nyuso za watu na mandhari huonekana laini, ila herufi hufifia.

Njia ya kwanza hufaulu pale tu hesabu inapogawanyika bila baki. Picha ya nukta 1,920 kwa 1,080 huingia katika kioo cha 4K mara nne kamili. Ile ya 1,280 kwa 720 huingia mara tisa kamili. Lakini runinga nyingi ndogo zina kioo cha 1,366 kwa 768. Ikiletewa picha ya mistari 720, kila mistari 15 sharti igeuzwe kuwa 16. Mstari mmoja ukirudiwa peke yake, herufi zitakuwa na miguu isiyolingana unene. Yote ikichanganywa, picha nzima itafifia. Ndiyo maana picha yenye nukta chache zaidi huenda ikapendeza kuliko yenye nukta nyingi, maadamu uwiano wake ni kamili. Mwaka 2019, Intel na Nvidia ziliongeza katika programu za baadhi ya vichakataji vyao vya picha uwezo wa kurudia nukta kwa namba kamili, baada ya watumiaji kuuomba kwa muda mrefu.

Hapa nchini, mitambo ya analojia ilizimwa mwaka 2015. Baadhi ya watazamaji walidhani kwamba dijitali ni sawa na picha yenye nukta tele. Hayo ni mambo mawili tofauti. Picha ya dijitali ya kiwango cha kawaida ina nukta zisizozidi 720 kwa 576, yaani 414,720. Kioo cha 4K kina nukta mara 20 ya hizo. Kwa maneno mengine, katika kila nukta 20 unazotazama, 19 ni makadirio ya runinga yako.

Wakati mwingine chanzo kina nukta za kutosha, ila waya hauwezi kuzibeba. Mwaka 2001 kampuni ya IBM ilitoa kiwambo T220 chenye nukta 3,840 kwa 2,400. Waya mmoja wa kawaida wa DVI haukutosha kukilisha picha kwa kasi inayofaa, hivyo kiliunganishwa kwa nyaya kadhaa. Suala hilo lilijirudia katika runinga: HDMI 1.4 ya mwaka 2009 iliweza kupitisha picha ya 4K mara 30 tu kwa sekunde, hadi HDMI 2.0 ilipokuja mwaka 2013 na kufikisha mara 60. Mwenye kifaa cha zamani hulazimika kuchagua kati ya nukta nyingi zenye mwendo wa kusitasita na nukta chache zenye mwendo mwororo.

Mtumiaji afanyeje, basi? Kwanza, apunguze idadi ya mara ambazo picha inanyooshwa. King'amuzi kikiikuza, kisha runinga ikaikuza tena, makosa hujazana. Ajaribu mipangilio ya king'amuzi mmoja baada ya mwingine na kubakiza ule unaompendeza macho.

Pili, achunguze mpangilio wa ukubwa wa picha. Runinga nyingi hukata kingo kidogo kisha kuivuta picha ijaze kioo, na hivyo kuharibu hata uwiano uliokuwa kamili. Tatu, apunguze kiwango cha ukali wa picha, kwani kikizidi huchora mstari mweupe kandokando ya kila kitu. Kwenye tarakilishi, heri kuacha idadi ya nukta za kioo ilivyo na kukuza maandishi kupitia mipangilio ya mfumo, badala ya kuipunguza.

Runinga za miaka ya karibuni hutumia akili unde iliyofunzwa kwa picha nyingi kukisia kinachokosekana, na mara nyingi matokeo hupendeza. Hata hivyo, kisio ni kisio. Endapo kamera ya usalama ilinasa nambari ya gari kwa nukta chache mno, hakuna kioo wala programu iwezayo kuirejesha kwa uhakika. Huenda hata ikachora tarakimu nzuri ambazo si zile zilizokuwepo, na asiye na hatia akashukiwa.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kabla ya kulipia kioo kikubwa, mnunuzi ahesabu kwanza ni saa ngapi kwa wiki atakitazamia vituo vya kawaida, na ni ngapi picha yenye nukta za kukitosha. Afadhali pia aombe muuzaji aunganishe king'amuzi papo hapo dukani, ili aone atakachokiona nyumbani.