Nanochembe za mwanga (tiba ya fizi na mfupa wa taya)

Nanochembe za mwanga ni chembe ndogo kuliko bakteria ambazo hutulia mpaka zimulikwe, ndipo hutoa joto au oksijeni tendaji yenye kuua vijidudu. Katika tiba ya meno hulenga periodontitisi, ugonjwa wa fizi unaokula mfupa ulioshikilia meno. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wanaougua aina yake kali wanazidi bilioni 1.

Historia

Mwaka 1900 mjini Munich, Oscar Raab, mwanafunzi wa Hermann von Tappeiner, aliripoti kwamba rangi ya akridini huua paramesia, viumbe vya seli moja, upesi zaidi penye mwanga. Hapo ndipo wazo la tiba ya mwanga lilipoanzia.

Utendaji

Kuua bakteria ndiyo sehemu nyepesi ya kazi. Ugumu ni kuwaua bila kuudhuru mfupa unaotakiwa kuota upya. Rangi za zamani, kama methilini bluu, hutegemea oksijeni, ilhali Porphyromonas gingivalis, bakteria wa ugonjwa huu, hustawi kwenye mifuko ya fizi ambako oksijeni ni haba. Vijiti vya dhahabu vya kipimo cha nano havina utegemezi huo: hugeuza mwanga wa infraredi ya karibu, unaopenya nyama vizuri kuliko mwanga wa bluu, kuwa joto. Hata hivyo joto nalo lina mpaka. Mwaka 1983 watafiti Eriksson na Albrektsson walionyesha kwa sungura kwamba nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika 1 zinatosha kuharibu mfupa, na bakteria wengi hustahimili zaidi ya hapo. Kinyume chake, joto la nyuzi 40 hadi 43 limechochea seli za mfupa katika majaribio ya maabara. Kwa hiyo ubora wa nanochembe hupimwa kwa kiasi, wala si kwa ukali: joto la wastani huwalegeza bakteria, na oksijeni tendaji kidogo huwamaliza.

Pingamizi

Husemwa kwamba kukwangua ukoga kunatosha. Kwa wagonjwa wengi ni kweli, lakini kifaa hakifiki vizuri kwenye panda za mizizi, wala kukwangua peke yake hakurejeshi mfupa wote uliopotea. Pingamizi zito zaidi ni la ushahidi: mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2024 yalikuta ushahidi dhaifu mno kuthibitisha faida ya kuongeza tiba ya mwanga juu ya ukwanguaji. Mapitio hayo hayazifuti nanochembe, ila yanaziweka mahali pake, yaani msaidizi wa ukwanguaji.

Matumizi ya sasa

Nanochembe nyingi za mwanga zingali katika majaribio ya maabara na ya wanyama.