Doudou, Mavyaa Zake na Kichina cha Kariakoo

Mwaka 2011 Shirika la Utangazaji la Tanzania, TBC, lilionyesha mchezo wa televisheni kutoka China uliopewa jina la Kiswahili Doudou na Mama Wakwe Zake. Hadithi yenyewe ni ya nyumbani mno. Mao Doudou, msichana wa Beijing, anaolewa na kijana ambaye wazazi wake wameachana na baba yake ameoa tena, hivyo bibi harusi anajikuta na wakwe wawili wa kike wasiopikika chungu kimoja. Pwani, ambako mkwe, wifi na mke mwenza kila mmoja ana leso yake na jina lake, mambo hayo hayakuhitaji mfasiri. Tarehe 25 Machi 2013 Rais Xi Jinping, akihutubia Dar es Salaam katika ukumbi unaoitwa kwa jina la Mwalimu Nyerere, aliutaja mchezo huo kuwa mfano wa jinsi Watanzania walivyopata kuyajua maisha ya kawaida ya Wachina.

Maisha waliyajua, naam. Lugha je? Doudou aliingia majumbani mwa watu akiwa hana hata neno moja la Kichina kinywani. Redio ya kimataifa ya China, iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1961, ndiyo iliyoufasiri mchezo na kuwatia wahusika sauti za Waafrika Mashariki, wakiwamo waigizaji wa Kenya. Ni kazi ya kupongezwa, lakini kila tafsiri hutoza ushuru wake. Mama wa mume, kwa Kichina, ni popo. Mpwani ataanza kwa kucheka, maana popo wake hulala mchana kichwa chini. Kisha atakumbuka kwamba yeye mwenyewe analo neno, mavyaa, ambalo wafasiri hawakulitumia. Sauti ya Hai Qing, mwigizaji wa Doudou, pale anapokatiza, anapoguna, anapomeza neno mbele ya popo wake, haikusikika. Na humo ndimo lugha ya mdomo inamokaa.

Hasara hiyo ingekuwa ya wapenda maigizo tu, kama si Kariakoo. Mtaa huo, ambao jina lake limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, umezoea kuzikata lugha za wageni na kuzishona upya kwa kipimo chake. Januari ya mwaka uleule wa Doudou, Naibu Waziri wa Viwanda na Biashara, Lazaro Nyalandu, aliwapa wachuuzi wa kigeni waliokuwa Kariakoo siku 30 wawe wameondoka. Agizo lile halikukata uzi wa biashara. Wenye maduka waliendelea kupanda ndege kwenda Guangzhou na Yiwu kutafuta viatu, vitambaa na vyombo, na huko walikuwa wao ndio wageni wasiojua kusema.

Kizazi kilichotangulia kilikuwa na udhuru. Reli ya TAZARA ilipojengwa, kati ya 1970 na 1975, Wachina walikuja kwa maelfu, lakini waliishi makambini na mazungumzo yakapita kwa wakalimani. Mfanyabiashara hana kambi. Ana kikokotoo kinachosukumwa huku na huku juu ya meza, na maneno machache: duoshao qian, kiasi gani, tai gui le, ghali mno. Yanatosha siku mambo yanapokwenda sawa. Siku mzigo unapokuwa si ule wa sampuli, hayatoshi. Aliyejifunza kwa kitabu anajua kwamba suan ni kuhesabu. Akiambiwa suan le, hukaa akingoja hesabu ipigwe, kumbe mwenzake amekwisha kusema, basi, tuyaache, na mazungumzo yamefungwa.

Suan le haifundishiki vizuri kwa kitabu. Husikika katika ugomvi wa ndugu, katika kusamehe kwa shingo upande, na katika vipindi vya mazungumzo, ambamo watu wanadakizana bila kusubiri zamu. Televisheni ya China ina desturi moja ya manufaa: karibu kila kipindi huandikwa maneno chini ya picha, kwa Kichina chenyewe, kwa kuwa Mchina wa kusini huenda asimwelewe wa kaskazini akimsikiliza tu. Mgeni naye hupata sikio na jicho kwa pamoja.

Na waendeshaji wa vipindi hivyo si watu wa maneno mepesi. Guo Degang wa Tianjin, kwa mfano, alikuja huko kutoka katika xiangsheng, sanaa ya wasemaji wawili ambapo mmoja hurusha mzaha na mwenzake huudaka na kuurudisha. Aliyewahi kusikia kibati cha Pemba, maneno yakikimbizana na ngoma, hatashangaa kuambiwa kwamba anayecheka sekunde moja kuchelewa amepitwa.

Milango imefunguka tangu hapo. Ving'amuzi vya StarTimes, kampuni iliyoshirikiana na TBC, vilileta chaneli za China hadi vyumba vya kupanga vya Ilala, na Oktoba 2013 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata Taasisi yake ya Confucius. Hata hivyo mkondo wenye nguvu ulibaki ule wa kutia sauti. Mwaka 2016 StarTimes iliandaa mashindano ya vipaji vya sauti, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi ya kuzisemesha tamthilia za Kichina kwa Kiswahili.

Kazi hiyo hufanywa chumbani, mlango umefungwa. Msemaji ana karatasi ya Kiswahili mbele yake, picha kiooni, na masikioni sauti ya mwigizaji wa asili, ili ajue pa kuvuta pumzi na pa kupandisha hasira. Anausikia ugomvi wote kwa Kichina, mguno kwa mguno, mara ya kwanza na ya pili na ya kumi, kisha anafungua kinywa na kuufunika.