Dainamo, Katauti na Oltaneta: Chaji ya Matrekta ya Zamani katika Nyanda za Juu za Kigoma

Trekta la dizeli likishawaka halihitaji umeme ili liendelee kulima, kwa sababu mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Umeme ni wa starta na taa. Kwa hiyo chaji inaweza kufa kutwa nzima shambani bila dereva kutambua, hadi kesho yake betri inaposhindwa kuzungusha injini na watu kuitwa wasukume.

Kakonko, mkoani Kigoma, iliyomegwa kutoka Kibondo na kuwa wilaya mwaka 2012, ni nchi ya jembe la mkono. Trekta limekuwa chombo cha wachache. Upande wa kusini-mashariki, Urambo, mashine zilishuhudiwa kwa wingi mapema zaidi, kwenye mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuvunjika 1951. Ferguson TE20 ilianza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946. Kutoka ukoo huo ilikuja Massey Ferguson 35, kisha mwaka 1964 ikaja 135, ambayo mafundi wengi wa Tanzania wameijua.

Ferguson hizo za awali zilichajiwa na dainamo ya Lucas, kampuni ya Birmingham. Ndani yake armecha huzunguka katikati ya koili za fildi, na brashi za kaboni huchukua umeme juu ya komuteta. Injini ikienda polepole dainamo hutoa kidogo mno, na betri ingeirudishia umeme wake. Kazi ya kuzuia hilo ni ya katauti, swichi ya sumaku iliyofungwa kisanduku kimoja na regureta, kidhibiti cha volti. Kifaa hiki kidogo ndicho kiini cha mfumo mzima, na pia ndicho kilicholaumiwa bure mara nyingi. Wengi walikifungua na kukichokonoa kabla ya kupima chochote.

Utaratibu wa zamani ulianza na mkanda wa feni, vichwa vya betri na waya wa bodi. Baada ya hapo nyaya mbili za dainamo, D na F, zilichomolewa, vituo vyake vikaunganishwa kwa kipande cha waya, na mita ikawekwa kati ya hapo na bodi. Injini iliongezwa mwendo taratibu. Volti zilipaswa kupanda haraka bila kurukaruka, na hazikuruhusiwa kuvuka 20. Mita isiposoma kitu, brashi zilikaguliwa kwanza. Ikisoma volti moja au pungufu, koili za fildi zilishukiwa. Ikisoma kama nusu ya volti za betri, armecha. Dainamo ikiwa nzima, ndipo ilipofika zamu ya nyaya na katauti. Platini za katauti zilizoungua zilisafishwa kwa msasa laini. Platini zilizogandamana ni hatari zaidi, kwani injini ikizimwa betri humwaga umeme wake kwenye dainamo usiku kucha na nyaya zinaweza kuungua.

Matrekta mengi ya Kiingereza ya wakati ule yalifungwa chanya kwenye bodi. Betri ikifungwa kinyume, dainamo hubadili mwelekeo wa usumaku wake, na kurekebishwa kwake ni kuigusisha F kwa waya wenye umeme wa betri kwa nukta moja tu, injini ikiwa imezimwa.

Barabara ya vumbi ya Nyakanazi hadi Kasulu ilizila brashi na komuteta bila huruma. Spea nazo zilitoka mbali, nyingine kwa reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo ufundi wa kusuka koili upya ulikuwa na thamani kubwa. Umeme wa gridi ya taifa ulichelewa kufika. Wilaya hizi zilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, na kijijini kusiko na jenereta betri iliyokufa ilibebwa hadi mjini kuchajiwa.

Oltaneta, mrithi wa dainamo, ilienea kwenye matrekta baada ya daiodi za silikoni kupungua bei katika miaka ya 1960. Hutoa chaji hata injini ikiwa kwenye mwendo mdogo, na daiodi zenyewe huzuia umeme kurudi, hivyo katauti haina kazi tena. Anayeifunga badala ya dainamo hugeuza kwanza bodi iwe hasi, huondoa kisanduku cha zamani, na hupitisha waya mnene zaidi hadi betri. Hapo ile desturi ya kuchomoa betri injini ikiunguruma ili kujua kama chaji ipo haifai kabisa: dainamo iliweza kuivumilia, lakini daiodi za oltaneta zinaweza kuungua mara moja.