Windows ya kulipia kila mwezi: tutahama?

Bandugu, siku Windows italipiwa kila mwezi kama dekoda ya televisheni, tutahama? Mbele ya kujibu, mukumbuke RAM. Mwaka wa 2020 walianza kukata kredi kwenye simu zetu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa ya 3G na 4G. Simu umenunua kwa makuta yako, na bado unailipia! Hakukuwa na mtandao wa kukimbilia. Watu walipiga kelele, wabunge pia, hadi ikaondolewa mwaka wa 2022.

Kwa ordinateri, pa kukimbilia papo. Linux ilianza 1991, ni ya bure. Ubuntu ilitoka 2004 kwa makuta ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kwa miaka kadhaa walituma hata CD kwa posta bila kulipisha. Lakini hapa Likasi, mashini ninazoziona karibu zote ni Windows, nyingi za kopi. (Memwari yangu ya agronomia niliiandika kwenye moja.) Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuilinda Windows 10, mwaka mmoja zaidi, dola 30, ao bure kupitia konti yao. Sijaona aliyelipa, wala aliyehamia Linux. Kijana anayetengeneza mashini pale soko anajua Windows tu.

Ila kopi inaishi kwa sababu hakuna anayekuja kuikata. Ada ya kila mwezi itajikata yenyewe, kama RAM. Hapo yule kijana atajifunza Linux, na sisi nyuma yake.