Sufuria Yenye Maharage

Hapa San Antonio, Texas, ninakosomea uzamili wa historia, chili ni chakula changu cha Jumatano. Nakaanga vipande vidogo vya nyama ya ng'ombe, naongeza vitunguu, bizari nyembamba na pilipili kavu nilizoloweka na kusaga, kisha naiacha itokote kwa moto mdogo saa 2. Mwisho natia maharage, ili sufuria inifikishe Ijumaa.

Mwaka jana niliipeleka kwenye shindano la mtaani. Jaji alifunua, akaona maharage, akacheka, akafunika. Chili ya Texas, alisema, ni nyama na pilipili basi.

Nikaenda maktaba kutafuta chimbuko la mashindano haya. Linalotajwa zaidi ni la 1967, Terlingua, kijiji cha machimbo ya zebaki kilichohamwa karibu na mpaka wa Mexico. H. Allen Smith alikuwa amejigamba jaridani kwamba hakuna aijuaye chili kumzidi. Wick Fowler, mwanahabari wa Texas, akajitokeza kumjibu. Kura zikalingana moja kwa moja, na jaji wa tatu akadai ulimi wake umeharibika. Ikawa sare. Mwaka 1977 bunge la Texas likaitangaza chili kuwa chakula rasmi cha jimbo.

Lakini miongo mingi kabla ya wanaume hao wawili, wanawake wenye asili ya Mexico walikuwa wakibeba masufuria jioni hadi viwanja vya wazi vya jiji hili. Waliwasha taa, wakawauzia chili askari, wachunga ng'ombe na wasafiri. Magazeti yaliwaita malkia wa chili. Jumba la jiji lilipojengwa katikati ya Military Plaza, walihamia viwanja vingine. Miaka ya 1930 maofisa wa afya wakawabana kwa masharti ya usafi, na hatimaye biashara yao ikafa.

Niliposoma neno hilo, usafi, nilifunga kitabu. Mama yangu ni mama lishe. Nilikuwa darasa la tano siku mgambo walipomwaga sufuria yake ya maharage barabarani, na sababu waliyoitoa ilikuwa hiyohiyo.

Nilimpigia simu, nikamsimulia habari za jaji.

"Sasa hao waliokula, walishiba?" akauliza.

"Hakuna aliyekula, Mama."

"Basi hilo si shindano la kupika, mwanangu."

Tasnifu yangu ilikuwa iwe juu ya Terlingua, ambako picha na makala ni tele. Msimamizi wangu ananionya kwamba kuwafuatilia wale wanawake kutanichelewesha, maana wao wenyewe waliacha maandishi machache. Najua. Nimeshabadilisha mada, na Jumatano nilipika tena, maharage yakiwemo.