Zidaka na Makuti: Zuhudi katika Mji wa Lamu

Katika karne ya 18, matajiri wa Lamu, mji wa kisiwani katika pwani ya kaskazini ya Kenya, waliuweka utajiri wao ukutani: katika vyumba vya ndani vya nyumba za mawe kulijengwa zidaka, yaani vishubaka vya chokaa iliyonakshiwa, safu juu ya safu, na ndani yake zikapangwa sahani na bakuli za kaure zilizoletwa kwa majahazi. Nyumba hizo zilitangaza uungwana, na elimu ya juu ya dini ilibaki zaidi mikononi mwa wenye nyumba hizo, hali ambayo ni vigumu kuipatanisha na imani inayofundisha usawa wa waja mbele ya Mola wao.

Ndiyo maana Habib Swaleh, sharifu (mtu wa ukoo wa Mtume) mwenye asili ya Ngazija aliyehamia Lamu katika karne ya 19, anastahili kutazamwa kwa makini, kwani alichagua kuishi Langoni, mtaa wa vibanda vya udongo na makuti, akawasomesha watumwa, watu walioachwa huru kutoka utumwani, pamoja na wahamiaji maskini. Zuhudi yake, yaani kutoufunga moyo kwenye mali, haikuwa kujitenga na watu, bali kukaa nao mkekani, kuwatibu, na kuwaachia wapige matari katika maulidi, ingawa baadhi ya wanazuoni walilipinga jambo hilo. Alifariki mwaka 1935, na msikiti wa Riyadha, uliokua kutokana na darasa lake, hadi leo hupokea wageni wa maulidi kutoka pwani nzima.