Nahodha au Kapteni? Kikosi cha Nyota, Ngome ya Dagoretti na Suala la Msafara Wenye Silaha

Mfasiri wa Kiswahili atakayejaribu kuifasiri Star Trek, tamthilia ya televisheni iliyoanza kuonyeshwa Marekani mnamo Septemba 1966, atakwama katika cheo cha mhusika mkuu. Akimwita nahodha, atakuwa amempa neno la Kiajemi lililofika pwani pamoja na majahazi ya biashara. Akimwita kapteni, atakuwa amempa cheo cha kambini. Chombo chenyewe akikiita merikebu, kitakuwa cha wasafiri; akikiita manowari, kitakuwa cha vita. Hata kazi ya kuchunguza malimwengu mageni haina jina lisilo na doa, kwani vitabu vya historia viliwaita wavumbuzi wa Kizungu wapelelezi, na mpelelezi ni jasusi vilevile. Kiswahili kinamlazimisha mfasiri kulijibu swali ambalo tamthilia yenyewe imelikwepa: je, Starfleet, kile kikosi cha kubuniwa cha kuchunguza anga za juu, ni jeshi?

Ushahidi wa ndani ya matini unapingana. Gene Roddenberry, mtunzi wake, aliyewahi kuwa rubani wa ndege ya mabomu katika Vita Kuu ya Pili, alishikilia kuwa kikosi hicho si cha kivita, na katika sehemu moja ya mwaka 1989 nahodha Picard anatamka waziwazi kwamba taasisi yake si ya kijeshi na kwamba lengo lake ni uchunguzi. Hata hivyo, kikosi hichohicho kina vyeo vya wanamaji, silaha nzito na amri zisizohojiwa. Na tangu 1967 mtangulizi wake, Kirk, alikwisha kufikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Katika filamu ya mwaka 1982, mwanasayansi kijana analalamika kwamba wanasayansi wamekuwa vibaraka wa wanajeshi.

Yamkini mhakiki angependa kulimaliza suala hili kwa fasili. Silaha peke yake hazitoshi, kwa kuwa misafara ya biashara iliyotoka Bagamoyo na Mombasa katika karne ya 19 ilibeba bunduki bila kuwa jeshi la dola yoyote. Inafaa kuongeza vigezo viwili: utii wa amri kwa ngazi, na haki ya kutumia nguvu kwa niaba ya dola. Kwa vigezo hivi vitatu Starfleet ni jeshi, lijiite litakavyo. Lakini fasili hiyo haielezi kwa nini jina lenyewe linagombaniwa. Kwa hilo, historia ya upande wa magharibi wa Nairobi ina la kufundisha.

Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati yake mwaka 1888. Kwa jina ilikuwa kampuni ya biashara. Mnamo Oktoba 1890 msafara wake ulifika Dagoretti ukiongozwa na Frederick Lugard, kapteni wa jeshi la Uingereza, akiwa na wapagazi, askari na bunduki ya Maxim. Lugard alifanya mapatano na Waiyaki wa Hinga, akajenga ngome, kisha akaendelea na safari ya Uganda. Ngome hiyo ilihamwa mwaka 1891 baada ya uhusiano na wenyeji kuharibika, na mwaka huohuo nyingine, Fort Smith, ikajengwa Kabete. Agosti 1892 Waiyaki alikamatwa humo, akapelekwa kuelekea pwani, akafia Kibwezi.

Katika kitabu chake cha 1893, Lugard anaeleza kwamba chanzo cha uhasama kilikuwa ukosefu wa nidhamu katika misafara iliyopita, ambayo watu wake waliiba mazao. Lawama hiyo ni ya haki, lakini ni ya kiaskari: inadokeza kwamba madhara ya msafara yangeponywa kwa kuufanya msafara uwe jeshi zaidi. Na ndivyo ilivyotokea. Kampuni ilipokabidhi eneo lake kwa serikali mnamo Julai 1895, askari wake walikuwa kiini cha East Africa Rifles, kikosi ambacho mwaka 1902 kiliunganishwa na vingine kuwa King's African Rifles. Walinzi wa biashara wakawa wanajeshi kwa kubadilishiwa jina. Mkulima wa Dagoretti hakuhitaji kungoja badiliko hilo ili ajue aliyekuwa mbele yake.

Hapa ndipo suala linapokuwa la kifasihi. Oktoba 1968, katikati ya jiji, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliitaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu ivunjwe, na Afrika iwekwe kwenye kitovu cha masomo ya fasihi. Swali lao, yaani dunia inatazamwa kutoka wapi, linaihusu pia bunilizi ya kisayansi. Aghalabu Star Trek husimuliwa kutoka ndani ya chombo. Wenyeji huonekana kwenye kioo, hutatuliwa shida zao, na huachwa nyuma. Aliyeketi chomboni ndiye anayepewa fursa ya kujieleza kuwa hakuja kwa vita. Dagoretti nayo ilisimuliwa kwanza na Lugard. Baadaye Ngũgĩ alimpa shujaa wa The River Between (1965) jina la Waiyaki, na katika A Grain of Wheat (1967) akaingiza simulizi kwamba Waiyaki alizikwa angali hai. Simulizi hiyo haijali kama aliyemzika alikuwa mfanyabiashara au askari.

Mtetezi wa Starfleet atataja kanuni yake kuu, inayokataza kuingilia maendeleo ya malimwengu mengine. Kanuni hiyo ni ya kuheshimiwa, lakini pia ni ungamo, kwani hakuna anayemkataza asiye na uwezo. Mapatano ya Dagoretti nayo yalikuwa mpaka, nayo yalivunjwa na njaa ya msafara kabla ya kuvunjwa na sera.

Leo barabara ya Waiyaki inatoka Westlands kuelekea Kabete, na Kenya imekwisha kuanza safari yake ya anga. Shirika la Anga za Juu la Kenya liliundwa mwaka 2017 chini ya Wizara ya Ulinzi, ambayo makao yake yako Hurlingham, na setilaiti ya Taifa-1 ilirushwa Aprili 15, 2023. Mwandishi wa Kiswahili atakayebuni kikosi cha nyota kitakachotoka Nairobi atalazimika kuchagua kati ya nahodha na kapteni. Vyovyote atakavyochagua, ampe mwenyeji wa sayari ya mbali nafasi ya kukitaja chombo kinachotua shambani mwake kwa jina analoliona linafaa.